Mgagani wa Zizini

Kwa miaka sita Scola Masunga alikula chakula cha mchana mara mbili kila Jumapili, na mara zote mbili mboga ilikuwa mgagani. Akishuka kwenye basi pale Dutwa baada ya ibada, alianzia kwa mama yake, Milembe, akala ugali na mgagani, akasifu kwa kiasi. Kisha akavuka uwanja, hatua thelathini hivi, akaingia jikoni kwa shangazi yake, Wilhelmina, akala tena ugali na mgagani, akasifu kwa kiasi kile kile. Akimaliza sahani ya mama na kubakiza ya shangazi, amechagua upande. Akibakiza zote mbili, anaringa kwa sababu anakaa mjini. Basi alizimaliza. Fundi wake wa nguo kule Bariadi alishaacha kumuuliza kama aongeze kiunoni. Alikuwa anaongeza tu.

Scola alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Bariadi, mwaka wa kumi na nane huo. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kuchanganya dawa, kuandaa majaribio ya wanafunzi, na kuwaambia walimu wapya, kwa adabu zote, kwamba chupa ile haifunguliwi karibu na moto. Cheti alichokuwa nacho ni cha kidato cha nne, tena si cha kutundikwa ukutani. Lakini hapakuwa na jaribio hata moja kwenye vitabu vya shule ambalo mikono yake haikuwa imelifanya mara mia. Wanafunzi walimwita Madamu Maabara. Yeye alijifanya halipendi jina hilo, na hakuna aliyemwamini.

Sasa, huo ugomvi wa sahani mbili chanzo chake ni hiki.

Milembe alizaliwa Nassa, kule kando ya ziwa, akaja kuolewa Dutwa na Masunga miaka arobaini na mitano iliyopita. Alikuja na mbegu za mgagani wa kwao, zimefungwa kwenye pindo la kanga: shina la kijani, jani laini, ladha ya upole. Kwa akina Masunga akakuta mgagani mwingine, wenye shina la zambarau na jani dogo, na uchungu unaopanda mpaka puani. Mwenye mgagani huo alikuwa Wilhelmina, dada yake Masunga, aliyefiwa na mume mapema akarudi kwao. Mawifi hao wawili walipendana, jambo ambalo watu wa Dutwa walilizungumza kana kwamba ni ugonjwa. Walipalilia pamba pamoja, wakamlea Scola pamoja, wakamzika Masunga pamoja. Kila mmoja alikuwa na kitalu chake nyuma ya nyumba, huyu kijani, yule zambarau, lakini chungu kilikuwa kimoja. Hata Scola mwenyewe walishamgawana kwa utani tangu yuko mgongoni: Wilhelmina alidai pua, Milembe akadai miguu, na tumbo waliliacha bila mwenyewe.

Masunga alipofariki, ng'ombe wakapunguzwa, na zizi la zamani katikati ya nyumba hizo mbili likabaki tupu. Mvua ya kwanza iliponyesha, kwenye ile samadi ya miaka na miaka ukaota mgagani ambao hakuna aliyeupanda. Shina lake lilikuwa zambarau chini mpaka magotini, juu kijani. Majani yake yalikuwa mapana kama kiganja cha mwanamume. Uchungu wake ulichelewa. Ulikuja ukishameza, ukasalimia kidogo, ukaondoka na kuacha utamu. Sokoni mafungu yake yaliisha wenzao hawajamaliza kupanga nyanya. Kwa watu wenye bahati ya kawaida, hapo ingekuwa mwisho wa hadithi, tena mwisho mzuri.

Lakini mwaka huo kikundi chao cha akina mama kikapeleka mboga kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Nyakabindi. Mtangazaji akapita na kipaza sauti, akauliza mgagani huu mkubwa ni wa nani. Wilhelmina, aliyekuwa amekaa pale mezani, akajibu kwamba ni mgagani wa ukoo wa Masunga, tangu enzi za babu yake. Milembe alikuwa amekwenda kununua maji. Aliyasikia maneno hayo kwenye spika, akiwa kwenye foleni, pamoja na watu wote wa uwanjani. Alirudi mezani bila maji, na jioni ile ile akapika chungu chake peke yake.

Toka siku hiyo hawakutukanana, maana walikuwa watu wazima wenye heshima zao. Walinyamaziana tu, kitu kibaya zaidi. Kama Milembe alitaka kumwambia wifi yake kwamba mbuzi wake amefunguka, alimwambia Scola kwa simu kule Bariadi, na Scola akampigia shangazi. Mara moja Scola alijaribu kusema kwamba labda mgagani wa zizini ni mtoto wa migagani yote miwili. Mama yake alimtazama kama aliyetukana kanisani. "Mgagani wangu hautembei ovyo," alisema. Shangazi naye, alipoulizwa, akasema wake ni wa watu wenye kujiheshimu. Scola akala sahani yake ya pili, akarudi mjini.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Jenifer. Alikuwa mtafiti kijana, mwenye kofia pana na gari lililojaa vumbi, akizunguka mkoani kukusanya mbegu za mboga za kienyeji ili zikahifadhiwe kwenye ghala la baridi, zisije zikapotea. Habari za mgagani wa zizini alizisikia sokoni. Alipofika ilikuwa Jumapili, na Scola alikuwepo, katikati ya sahani ya kwanza na ya pili. Jenifer alisalimia vizuri, akaonja jani bichi, akafumba macho. Kisha akatoa fomu. Jina la mboga, akaandika. Asili ya mbegu, akauliza.

Nassa, alisema Milembe kutoka upande huu wa zizi. Dutwa, alisema Wilhelmina kutoka upande ule. Jenifer alisubiri kidogo, akatazama huku, akatazama kule, halafu akafunika kalamu yake.

"Mama zangu, siwezi kuandika ugomvi kwenye fomu," alisema.

Akaeleza kwa upole kwamba atarudi baada ya wiki tano kuchukua mbegu zilizokomaa. Wakikubaliana, atauchukua mgagani wa zizini. Wasipokubaliana, atachukua ile ya zamani miwili ambayo asili yake inajulikana, huu atauacha. Milembe akajibu kwamba kama hautaandikwa wa Nassa, basi ni bora ung'olewe wote, mpaka mzizi. Wilhelmina akasema na yeye hivyo hivyo: ukiandikwa kwingine, yeye mwenyewe atashika jembe. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa miaka sita, na Scola alihisi moyo wake unashuka mpaka kwenye ndala. Aliwajua wale wawili. Mbele ya mgeni wakisema wameng'oa, wameng'oa. Na mgagani ule ukishang'olewa, nani tena angewarudisha kwenye chungu kimoja?

Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akamuuliza kama hakuna njia ya kujua ukweli. Jenifer akamwambia ipo. Kila aina ya mmea ina dawa zake ndani ya majani, ndizo zinazoleta uchungu, rangi na harufu, na mpangilio wa dawa hizo ni kama ukoo. Aina mbili zikioana, mtoto hubeba za baba na za mama. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine kubwa, na foleni ya mashine hizo ni ya miezi. Lakini zamani, alisema, wataalamu walipanga mimea katika koo zake na kukamata machotara kwa karatasi tu: tone la maji ya jani, karatasi ikinyonya siki, na kila dawa ikapanda mpaka kimo chake na kusimama hapo.

"Karatasi ya chujio?" Scola aliuliza.

"Unayo?"

Scola alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Alikuwa nayo katoni nzima. Alikuwa na spiriti, alikuwa na asidi ya siki, alikuwa na amonia, na kwa miaka kumi na minane alikuwa akiwaandalia wanafunzi jaribio hilo hilo la rangi za majani, wao wakilifanya kwa dakika arobaini, wakapata alama, wakasahau. Jenifer akamwandikia kwenye karatasi vipimo na hatua. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokosa: taa ya mwanga ule unaofanya madoa yasiyoonekana yang'ae. Scola akafikiri kidogo, akasema hata hiyo anajua iliko. Flora, rafiki yake mwenye kibanda cha kutuma pesa pale stendi, alikuwa na taa ndogo ya kukagulia noti bandia.

Wiki ile alitembea kama mtu aliyeitwa kwenye harusi. Mkuu wa shule alimruhusu kutumia maabara siku za Jumamosi, kwa sharti kwamba isinuke mpaka ofisini kwake. Scola akawapigia simu mama na shangazi, kila mmoja kwa wakati wake, akawaeleza kwa ufasaha: anataka majani makavu, ya kitalu cha kila mmoja, na ya zizini. Siku nne baadaye kondakta wa basi alimletea vifurushi viwili safi, vimefungwa kwa namna moja ingawa waliovifunga hawasemeshani.

Jumamosi akasaga, akalowesha kwenye spiriti, akadondosha matone kwenye mstari wa penseli, akaitumbukiza ncha ya karatasi kwenye gudulia la siki. Siki ilipanda taratibu. Akaikausha, akaipitisha juu ya chupa ya amonia, akajifungia stoo na taa ya Flora. Hakuona doa hata moja. Ukungu mmoja hafifu kwa Nassa, ukungu mmoja hafifu kwa Dutwa, na ukungu mmoja hafifu kwa zizini. Vyote sawa, na vyote si kitu. Alirudia mara tatu. Kosa lake kubwa siku ile ni kwamba alipopigiwa simu alisema ukweli: yote yameonekana sawa. Milembe akasema wabeja, ng'wanone, nilijua tu ni wa Nassa. Wilhelmina akasema asante mwanangu, Mungu hamfichi Msukuma wa Dutwa. Mpaka jioni kila upande ulikuwa umekwisha kuwatangazia majirani ushindi wake.

Scola alirudi nyumbani amenywea. Aliweka mfuko wa majani yaliyobaki mezani, akaegemeza kichwa mkononi, na puani mwake ikaingia harufu aliyoijua kabla hajajua kusoma. Maziwa. Alivuta mfuko, akanusa tena. Maziwa, na chumvi kwa mbali. Akapiga simu Dutwa.

"Mayu, yale majani mliyakaushaje?"

"Kama yanavyokaushwa," Milembe alisema, akishangaa swali. Ameyachuma asubuhi, ameyachambua, ameyachemsha na maziwa na chumvi kidogo, amemwaga maji, ameyaanika juu ya jabali siku mbili. "Ulisema majani makavu. Kwani kuna majani makavu gani mengine?"

Shangazi alipoulizwa, alijibu hayo hayo neno kwa neno, mpaka jabali. Walikuwa wamemtengenezea nsansa, mboga kavu ya akiba. Walikuwa wamemtengenezea nsansa safi kabisa, kila mmoja kwa ufundi wake wote, ya kutosha kula wakati wa kiangazi, na kila kitu ambacho karatasi ilikitaka walikuwa wamekimwaga nyuma ya jiko, kuku wakaparua. Na yeye, Madamu Maabara, mwenye miaka kumi na minane kazini, alikuwa ameyapokea majani yaliyochemshwa akayaona ya kawaida, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuona majani makavu ya namna nyingine. Scola alikaa sakafuni akacheka mpaka mumewe, Januarius, akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Alipoweza kusema, alichukua ushahidi wote uliobaki, akaupika na karanga. Januarius aliomba nyongeza, akauliza kama utafiti huo utaendelea.

Uliendelea. Jumapili iliyofuata Scola alikwenda Dutwa na magazeti ya zamani, akachuma kwa mkono wake mwenyewe, mama akisimama kulia na shangazi kushoto, kila mmoja akilinda asiibiwe. Zizini alichuma kwenye mashina sita, kila shina gazeti lake. Akayakausha kivulini, juu ya kabati la maabara, hayajaguswa na maji wala maziwa. Aliwaeleza pia wote wawili, kabla ya kula sahani yoyote, kwamba safari hii hatawaambia chochote kwa simu. Wanaotaka kujua waje Bariadi wakaone kwa macho yao.

Walikuja. Walipanda basi moja, Milembe akakaa mbele na Wilhelmina nyuma kabisa, wakashuka kwa milango miwili, wakachukua bodaboda mbili. Scola aliwapokea getini kwa amkio la asubuhi, "Mwangaluka," wakaitika pamoja kwa bahati mbaya, kisha kila mmoja akageukia upande wake. Aliwakalisha kwenye vigoda vya wanafunzi. Waliitazama maabara, mabomba na makabati, na yule mtu wa mifupa aliyesimama pembeni, ambaye Wilhelmina aliomba afunikwe. Scola akafunika. Kisha akafanya kila hatua mbele yao, polepole, akieleza, na mikono yake ikafanya kazi kwa raha ya mtu anayejua. Mstari wa penseli. Tone la Nassa kushoto, tone la zizini katikati, tone la Dutwa kulia. Wakati siki inapanda aliwapa chai, wakanywa bila kuondoa macho kwenye gudulia lile, kama watu wanaosubiri maziwa yasichemke yakamwagika.

Karatasi ilipokauka, ikatokea shida ndogo. Stoo ilikuwa imejaa viti vibovu vya shule, nafasi ya mtu mmoja tu, na maabara ilikuwa na madirisha makubwa na jua la saa sita. Scola akaleta blanketi la chumba cha wagonjwa. Akaweka karatasi mezani, akawaambia wainame, akawafunika wote wawili, na yeye akaingiza kichwa katikati yao na taa ya Flora mkononi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita mabega ya wale mawifi yaligusana. Walikuwa na jasho, na blanketi lilinuka dawa, lakini hakuna aliyesogea. Scola akawasha taa.

Madoa yaling'aa. Ya buluu, ya manjano yenye ukijani, moja la zambarau iliyoiva, yamesimama kila moja kwa kimo chake. Milembe alivuta pumzi. Wilhelmina akapepesa macho, akajisogeza, akajirudisha.

Miwani yake ilikuwa kwenye kikapu, mlangoni. Kwenda kuichukua maana yake ilikuwa kutoka chini ya blanketi na kumwachia mwenzake ushahidi peke yake. Scola alifungua kinywa amsomee, halafu akakifunga. Hata leo hajui nani alimfunga kinywa, lakini anashukuru. Kisha Wilhelmina akasema kwa sauti ndogo:

"Wifi, nisomee."

Scola akasogeza taa karibu na karatasi. Mama yake angeweza kusema lolote. Angesema la zizini linafanana na la Nassa, yakaisha, na mwanamke asiye na miwani angebishana na nini? Kidole cha Milembe, kilichopasuka kwa jembe, kikatoka na kugusa karatasi upande wa kushoto.

"Nassa yapo matatu," alisema. Kidole kikavuka mpaka kulia. "Dutwa matatu. Moja limo kwenu na kwetu." Kikarudi katikati, kikapanda taratibu, doa kwa doa, kikashuka, kikapanda tena. "La zizini yapo matano. Yangu yote yamo, wifi. Na yako yote yamo."

"Kwa hiyo wako ulitembea," Wilhelmina alisema.

"Au wako ulikuja kuuita."

Aliyeanza kucheka ni Wilhelmina. Ilianzia tumboni, na kwa kuwa mabega yalikuwa yamegusana ikahamia kwa Milembe, na blanketi likaanza kuruka ruka. Scola alizima taa maana hakuwa akiona kitu kwa machozi. Walipotoka humo nywele zimevurugika, Wilhelmina alimkamata Scola pua, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Pua yetu, miguu yenu," alimwambia wifi yake. "Na huyu mbona hatukumng'oa?"

Milembe alikaa kwenye kigoda, akalia kidogo, akafuta macho kwa kanga, akasema chai imepoa. Mlinzi wa shule alichungulia kuona kama kuna ajali.

Scola hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Mashina matano yaliyobaki aliyapima Jumamosi mbili zilizofuata. Matatu yalikuwa na madoa yote matano. Moja lilikuwa limekosa doa moja la Nassa, na jingine limekosa moja la Dutwa. Alihofu kidogo kuwaonyesha, akawaonyesha hata hivyo. Wilhelmina, safari hii na miwani, alisema hilo si jambo la kushangaza, watoto wa tumbo moja hawafanani, na akataja majina ya watu wa Dutwa ambayo hapa tutayaacha.

Jenifer aliporudi Dutwa, Scola alimtandikia karatasi zote mezani, zimeandikwa tarehe na kila kitu. Mtafiti aliziinamia muda mrefu. Alisema mashine itathibitisha kwa wakati wake, na mbegu zitapandwa zionekane watoto wake wanavyogawanyika, lakini kwa fomu hii ushahidi unatosha. Nyuki walifanya kazi yao kati ya vitalu viwili, zizi likatoa samadi, na huyu chotara akazaliwa. Alisema pia kwamba amewahi kuona karatasi za watu wenye shahada zikiwa chafu kuliko hizi. Scola akajibu kwamba ni kawaida tu, akaenda nyuma ya jiko, akatembea huko na huko mpaka uso wake uliporudi kuwa wa mtu mzima.

Penye asili ya mbegu Jenifer akaandika Nassa na Dutwa. Penye mtunzaji palikuwa na nafasi ya jina moja. Aliandika mawili, herufi zikapita mstari na kuingia pembeni. Jina la mboga wakampa wote kwa pamoja: mgagani wa zizini.

Jumapili iliyofuata Scola alishuka Dutwa, akakuta jiko moja linatoa moshi. Ndani, mama na shangazi walikuwa wanabishana kwa sauti ya juu, na moyo wake ukashtuka, mpaka aliposikia hoja yenyewe: Milembe anataka maziwa, Wilhelmina anataka karanga. Mwishowe viliingia vyote viwili. Walikaa mkekani watatu, chungu katikati, wakala na kusemeshana na kucheka, na mbuzi alipofunguka Milembe alimwambia wifi yake moja kwa moja. Scola alisafisha sahani yake, akaisukuma pembeni, akavaa viatu na kusimama, tayari kuvuka uwanja. Akabaki amesimama hivyo. Hapakuwa na pa kwenda. Akakaa tena, akacheka, wala hakuwaambia kwa nini.

Aliondoka Dutwa saa kumi na njaa yake, njaa kabisa, ya mtu ambaye tumbo lake limezoea ugomvi wa watu wawili. Kituoni alinunua hindi la kuchoma, akalila lote kabla basi halijafika.